Kabla ya Kuwaita Wazazi Kuzungumzia Mitandao ya Kijamii

Shule nyingi huwaita wazazi kuzungumzia mitandao ya kijamii mambo yakiwa yamekwisha kuharibika, picha imesambaa na kila upande unatafuta wa kumlaumu. Kikao chenye manufaa huitishwa wakati wa utulivu, na maandalizi yake huanza kwa shule kufahamu wanafunzi wake wanatumia nini hasa, jambo linalopatikana kwa dodoso fupi lisilotaja majina. TikTok na Instagram haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti ya kawaida. Kwa hiyo, ikibainika kuwa darasa la watoto wa miaka 10 limejaa akaunti hizo, huenda tarehe za kuzaliwa zilidanganywa, na si ajabu mzazi mwenyewe ndiye aliyeziandika. Lisemwe bila kumfedhehesha mtu, kwani mzazi aliyeaibishwa haji kikao cha pili.

Linalohitaji muda zaidi ni ridhaa ya picha, na hapa shule zenyewe ndizo huteleza. Picha ya mtoto aliyevaa sare yenye nembo, ameshika ripoti ya matokeo, humpa mtu baki jina lake, shule yake na darasa lake kwa mtazamo mmoja. Shule inayobandika picha za namna hiyo kwenye ukurasa wake haina uso wa kumkanya mwanafunzi. Fomu ya ridhaa basi itenganishe ubao wa matangazo, ukurasa wa shule na kundi la wazazi, ili mzazi aweze kukubali kimoja, kukataa kingine, na kubadili uamuzi wake baadaye. Kundi hilo la wazazi nalo liwekewe kanuni, hususan ya kutomjadili mtoto wa mwenzio humo.

Mwalimu atakayeonyesha mipangilio ya usalama aijaribu kwanza kwenye simu, kwa sababu menyu hubadilika mara kwa mara. Tangu 2024, Instagram imeanza kuzifanya akaunti za vijana kuwa za faragha tangu mwanzo, na aliye chini ya miaka 16 huhitaji idhini ya mzazi ili kulegeza ulinzi huo. Mzazi asiyelijua hilo huidhinisha ombi ili tu asisumbuliwe. Wasio na simujanja waandaliwe maelezo ya karatasi.

Rasimu ya makubaliano ya kutumia mitandao iandikwe na wanafunzi kabla ya kikao, maana wao ndio wanaojua ugomvi huanzia wapi.

Mwisho, iandaliwe karatasi moja ya hatua za dharura. Matusi na vitisho vipigwe picha ya skrini kabla havijafutwa. Picha ya utupu ya mtoto, kinyume chake, isinakiliwe wala kutumwa kwa yeyote, hata kwa mwalimu kama ushahidi. Iripotiwe kwa mtandao husika na kwa polisi. Juu ya karatasi hiyo liandikwe jina la mwalimu mmoja anayepaswa kupigiwa, pamoja na namba yake.