Somo: Kupanda mikoko ya kulinda ukingo (someni hadi mwisho ndipo muulize)

Kila masika yakikaribia simu yangu hujaa ujumbe wa namna moja: "Tuna miche, tuna vijana, tupande wapi?" Namjibu mmoja, na wiki ijayo anakuja mwingine na lile lile. Sasa nimeandika. Atakayeuliza jambo lililomo humu nitampa namba ya hatua tu, asinione mkali.

Tuelewane kwanza tunapanda kwa ajili ya nini. Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kingo nyingi za huku ndani, mlango wa Mkanda, Mtangawanda, hadi hori la Dodori, zimesimama kwa sababu miti hiyo ipo. Wimbi likipita katikati ya mizizi na vigogo hupungua nguvu. Watafiti waliolinganisha vipimo vya sehemu mbalimbali za dunia walikuta kimo cha mawimbi hupungua kati ya asilimia 13 na 66 katika mita 100 za mikoko. Mwanya ni mpana hivyo kwa kuwa msitu mzito wenye mizizi iliyofumana haulingani na miti iliyotawanyika. Kwa hiyo mstari mmoja wa miche mbele ya nyumba yako ni pambo tu, usiuhesabu kuwa kinga.

HATUA YA 1: RUHUSA
Mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932. Pitia ofisi ya KFS (shirika la serikali la huduma za misitu), na chama cha jamii cha misitu kama kipo kwenu. Hata kupanda kuna utaratibu wake, si kukata peke yake.

HATUA YA 2: KWA NINI HAPANA MITI?
Mikoko haingoji mkono wa mtu. Mbegu zake huelea, hubebwa na maji na kushika panapozifaa. Ukiona mahali patupu miaka nenda miaka rudi, na msitu uko ng'ambo tu, basi kuna kizuizi. Kitafute. Pengine barabara au tuta limeziba mkondo, maji ya kujaa hayafiki tena. Pengine yanafika lakini hayana pa kutokea, yanasimama juani na kuacha chumvi kali. Pengine mchanga umefukia mizizi ya kupumulia, au mbuzi wanamaliza kila kinachochipua. Au wakataji waliondoa miti mama yote, mbegu hazipo. Katika hayo yote, ni hili la mwisho tu ambalo dawa yake ni kupanda moja kwa moja. Mkondo ulioziba huzibuliwa kwa majembe na kalvati, na ukishafunguka mara nyingi miche hujiotea bila wewe kuugusa hata mmoja. Najua hakuna mfadhili anayependa kupigwa picha ameshika jembe mtaroni. Shauri yake.

Na kuna mahali ambapo hapakuwa na mikoko tangu enzi: fungu la matope la nje lililo wazi kwa mawimbi, au uwanda wa nyasi za baharini. Hapo ondokeni. Nyasi zile zinashika mchanga na kupunguza mawimbi kwa njia yake, na ndizo malisho ya nguva na kasa. Kuzifukua ili uchomeke mikoko ni kubomoa ngome moja kwa ahadi ya nyingine.

HATUA YA 3: KIMO CHA MAJI (someni mara mbili)
Hapa ndipo kikundi chetu kilipopoteza msimu mzima, na ndipo wengi wanapopotezea. Tulipanda chini mno. Maji yakipwa, matope ya chini yanavutia: ni mapana, laini, hayana mbuzi wala mashua zilizoegeshwa, na hakuna mtu wa kugombana naye. Tena mbegu ya mkoko ina akiba yake ya chakula ndani, kwa hiyo inaweza kusimama kijani miezi kadhaa hata mahali pabaya. Hilo ndilo linalodanganya. Ripoti zinaandikwa, watu wanapongezana, halafu majani yanaanza kudondoka. Mche unazama saa nyingi mno, tope linaganda kwenye majani, vijidudu vya gamba gumu vinashika shina mpaka linainama, na kusi likivuma linachukua kilichobaki.

Kanuni ni hii: mikoko hukaa nusu ya juu ya eneo la kupwa na kujaa, kuanzia karibu na usawa wa kati wa bahari hadi inapofika bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu). Ukijumlisha saa zote za mwezi, mahali panapofaa huwa pamefunikwa na maji chini ya theluthi moja ya muda.

Huhitaji chombo cha mpima ardhi. Nenda kwenye msitu wa asili ulio karibu, katika hori lile lile. Tafuta mkoko wa chini kabisa uliojiotea na ukawa mti kamili (mche wa mwaka huu usikudanganye, huenda usifike mwakani). Siku isiyo na upepo, mtu mmoja asimame hapo, mwingine asimame mnapotaka kupanda. Maji yakijaa na kugusa shina la ule mti, wa kwanza apige simu au mbinja. Wa pili achome kigingi palepale ukingo wa maji ulipo kwake. Chini ya kigingi hicho msipande kitu. Fanyeni vivyo hivyo kwa mti wa juu kabisa, mpate kigingi cha pili. Shamba lenu liko kati ya vigingi hivyo viwili.

Tahadhari: msichukue msitu wa hori jingine, maana maji hayafiki kila mahali kwa wakati mmoja. Na kama kati ya sehemu hizo mbili kuna tuta au mkondo ulioziba, kipimo hakina maana. Rudini hatua ya 2.

HATUA YA 4: MTI NA MAHALI PAKE
Mikoko ni jina la jumla, ndani yake mna aina nyingi. Mbele panapopigwa na maji ni mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe (ule wenye mizizi kama miguu), kisha muia, kisha mkandaa. Mchu hauna adabu: utaukuta mbele, na utaukuta nyuma kabisa kwenye chumvi. Kenya ina aina 9, lakini vitalu vingi ninavyopita vimejaa mkoko mtupu kwa kuwa mbegu yake ni ndefu na rahisi kuokota. Msitu wa jirani ndio mwalimu. Uigeni mpangilio wake.

HATUA YA 5: MBEGU
Ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano chini ya kofia, na huachia ukiigusa. Ukilazimika kuvuta, iache. Yenye tundu la mdudu tupa. Mlilana ni kazi nyingine: mbegu ni ndogo, zimo ndani ya tunda, lazima zioteshwe kitaluni kwenye viriba.

HATUA YA 6: KUPANDA
Dunga theluthi ya chini matopeni, ncha chini, mita moja baina ya mche na mche. Basi.

HATUA YA 7: KULINDA
Rudini kila bamvua. Ondoeni makumbi ya nazi, nyavu na plastiki zilizolalia miche. Iliyokufa msiijazie kabla ya kujua kilichoiua.

MASWALI

Kijana wa Mokowe: Mkuu, tumepewa miche mingi bure, wafadhili wanataka ipandwe Jumamosi hii. Tupande wapi?

Jibu: Hatua ya 2, kisha ya 3.

Kijana wa Mokowe: Nimeuliza tu, mbona ukali? Jumamosi ni karibu.

Jibu: Jumamosi ni ya mfadhili, bahari haina habari nayo. Miche ya viriba hungoja kitaluni mradi inapata maji. Itumieni siku hiyo kuchoma vigingi, na wapigwe picha navyo.

Dada wa Langoni: Shukran kwa somo. Nina udadisi tu. Umesema mizizi ya kupumulia ikifukiwa mti hufa. Mbona mkoko una mizizi kama miguu, na mchu una vijiti vinavyochomoza ardhini? Kazi ni moja?

Jibu: Swali zuri, dada yangu. Kazi ni moja: kuleta hewa chini. Tope la mikoko halina hewa, ndiyo maana ukilikanyaga linanuka yai viza. Mizizi ina vitundu vidogo. Maji yakipwa hewa huingia, ikashuka hadi mizizi iliyo chini. Vijiti vya mchu ni vifupi, kwa hiyo tabaka dogo tu la mchanga likimwagika juu yake limeziba pua. Mkoko unaanzia juu zaidi, unavumilia kidogo, lakini nao una kikomo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hori la Mwache, Mombasa, mikoko ikafa imesimama. Ndiyo maana popote panapochimbwa mlango wa meli au kujengwa gati, la kuuliza mapema ni mchanga uliochimbwa utamwagwa wapi. Na faida ya pili ya mizizi hiyo: maji yakitulia katikati yake, tope hutua. Msitu wenye afya hujiinua wenyewe pole pole, jambo ambalo ukuta wa saruji hauwezi.

Abu Nassir: Kwa hiyo tukipanda mikoko hata tsunami haiji?

Jibu: Sijasema hivyo popote. Mikoko hupunguza mawimbi ya kila siku na ya dhoruba. Maji yakifurika kwa tufani, msitu wa kilomita nzima unaweza kuyashusha kwa sentimita chache hadi kama 50. Bahari ikivuta nyuma ghafla, kimbilia juu, usiende kusimama nyuma ya mti.

Mkazi wa Malindi: Huku kwetu ni mchanga mtupu na mawimbi. Jirani amejenga ukuta, sasa upande wangu unaliwa. Nipande mikoko?

Jibu: La, haitashika. Mikoko inataka maji yaliyotulia, kama huko mlangoni mwa mto Sabaki na kwenye mahori. Ukuta wa jirani unarudisha wimbi kwa nguvu zake zote. Linachimba mchanga miguuni pa ukuta na kuzunguka ncha zake, ndipo linapokukuta wewe. Ukijenga na wewe, utamhamishia wa tatu. Kinga yenu ya kwanza ni mwamba wa matumbawe wa nje. Matumbawe hupunguza kwa wastani asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi, na hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968, kwa hiyo mna bahati kuliko wengi. Kinga ya pili ni tuta la mchanga na mimea yake. Acha mlakasa (mmea utambaao mchangani) utambae, usifyeke eti unasafisha ufuo, na mwani uliotupwa na maji usiufagie wote, kwani unashika mchanga. Mvinje watu wanaupenda, ila mizizi yake haiendi chini sana. Wimbi likila ukingo, mti unaanguka na kipande cha tuta.

Mwana wa Shela: Naongezea hapo kwa mlakasa. Matuta yetu ya Shela ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya visima vya mji wa Lamu. Watu wanadhani ni mchanga wa bure wa kujengea.

Jibu: Ahsante. Hilo lingetaka somo lake. Andika wewe, mimi nitakuwa wa kwanza kusoma.

Fundi wa Matondoni: Asalaam aleikum. Kwetu kaa ndio maadui. Twapanda asubuhi, yeo jioni zimekatwa zote. Ndia ni ipi?

Jibu: Waaleikum salaam, fundi. Kaa hupenda mbegu laini, mbichi. Ziweke kivulini siku kadhaa zinyauke kidogo kabla ya kupanda. Hazifi, lakini utamu hupungua. Chagua ndefu. Penye kaa wengi mno tumia miche ya kitaluni ambayo shina limeshakuwa gumu. Wengine huvisha chupa za plastiki zilizokatwa. Zinasaidia, ila msipozitoa mapema zinanyonga mche na kuishia baharini.

Fundi wa Matondoni: Nimeelewa. Na sisi wa boriti na mazio, tukate wapi tusibomoe ukingo?

Jibu: Kwa leseni, na kamwe si mstari wa mbele. Huo ndio unaopokea kipigo. Ukitoboa pengo hapo, maji yanaingia na kupanua. Kateni ndani, mti huku mti kule, na miti mama yenye mbegu nyingi muiache. Mkoko ukikatwa shina hauchipui tena, si kama mchu, kwa hiyo kila boriti ni mti mzima umeondoka.

Kijana wa Mokowe: Tumechoma vigingi. Mkuu, kigingi cha chini kimeangukia juu sana, karibu na njia ya mbuzi. Kule tulikotaka kupanda ni chini kabisa.

Jibu: Safi sana. Sasa mna kazi ya kweli: kaeni na mwenye mbuzi kabla ya kudunga hata mbegu moja. Na chungulieni vizuri kati ya vigingi. Mkiona vimche vidogo vimejiotea na kutafunwa vichwa, hamna haja ya kupanda, ni uzio tu. Miche ya mfadhili pelekeni pengine palipokosa miti mama. Nitumie picha, nitakuambia.

Mama Faza: Samahani, langu ni dogo. Kina mama wanaumia miguu kwa chaza. Mabuti je?

Jibu: Mabuti hukwama, mguu unatoka na buti linabaki. Viatu vya turubai vilivyobana, vifungwe kamba hadi kifundoni, na soksi nene ndani. Na muende maji yanapopwa, si yanapojaa, mpate muda wa kurudi.