SOMO: Kuchonga picha ya ndege kwenye mbao kwa njia ya Bewick

Wakuu, kila siku swali ni lilelile, zile picha za ndege kwenye vitabu vya zamani vya Uingereza zilichongwaje, basi naandika mara moja, atakayeuliza tena namwelekeza hapa. Mwalimu wetu ni Thomas Bewick, mchongaji wa zamani wa Newcastle, Uingereza, kitabu chake cha ndege juzuu ya kwanza ilitoka 1797, ya pili 1804.

1. Mbao ni boksiwudi (mti mgumu wenye nyuzi zilizobanana) iliyokatwa kukingama gogo, ule upande wenye duara za mti.
2. Piga msasa laini mpaka uso uteleze.
3. Paka wino mweusi mwepesi, acha ukauke.
4. Hamisha mchoro kwa karatasi ya kaboni, UKIWA UMEGEUZWA, kulia kuwe kushoto kama kwenye kioo.
5. Kukata. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Chochote utakachokata kitatoka cheupe, kilichobaki ndicho kinashika wino, kwa hiyo usianze kwa kumzungushia ndege mstari mweusi halafu uchimbe pembeni, utapata muhuri tu. Anza na mwanga: kifua, ukingo wa bawa, mistari mifupi inayofuata manyoya, mingi panapong'aa, michache penye kivuli. Ukisita, acha nyeusi, kesho bado utaweza kukata, ila ulichokata hakirudi. Kitako cha mpini wa chuma cha kuchongea kikae kiganjani, mbao iwe juu ya mfuko wa ngozi wenye mchanga, na kwenye kona unazungusha mbao, mkono wenye chuma unatulia. ONYO: ukiinua kiganja ncha inazama na kukwama, ukilazimisha inachomoka ghafla. Vidole vya mkono wa pili VISIWE mbele ya ncha, kamwe.
6. Wino kidogo kwa rola, karatasi nyembamba, sugua kwa mgongo wa kijiko.

MASWALI

– Mkuu mbona ndege wangu kageukia upande mwingine?
Hatua ya 4.

– Natumia ubao wa kawaida wa fundi seremala, unachanika tu, somo lako halifanyi kazi.
Somo linasema kukingama gogo. Huo wako umepasuliwa kwa urefu, nyuzi zinavuta chuma zinakotaka. Soma hatua ya 1 kwanza ndugu yangu ndio ulaumu.

– Mwalimu, mpingo je? Si tunao huku kwetu?
Swali zuri. Ni mgumu sana kwa anayeanza, halafu weusi wake unaficha ulichokata. Ukijaribu, pitishia poda ya mtoto kwenye mikato, mistari itaonekana yote, futa kabla ya kupaka wino.

– Kwa nini kwa Bewick miti ya mbali inatoka kijivu na wino ni mmoja?
Nimefurahi umeliona hilo! Alikuwa anakwangua sehemu hiyo ishuke kidogo kabla ya kuchonga, mashine ikikandamiza inapaminya kwa wepesi. Na mbao zenyewe zilikuwa na kimo sawa na herufi za madini ya risasi za kuchapia maandishi, zinafungwa pamoja na kuchapwa kwa mkupuo mmoja, ndio maana ndege anakaa katikati ya maelezo yake, wakati picha iliyochongwa kwenye bamba la shaba ilitaka mashine yake peke yake. Ukimaliza Bewick tafuta michongo ya mbao ya Eric Ravilious, msanii wa Uingereza, katika kitabu cha maandishi ya Gilbert White, mwandishi wa mambo ya asili, toleo la 1938, uone weupe unavyotumika kwa ujasiri.

– Hiyo poda nimejaribu, safi sana. Chuma mnanoa lini?
Kabla hakijawa butu. Kikianza kuteleza juu ya mbao bila kushika, umeshachelewa, rudi kwenye jiwe la mafuta.