SOMO: Kupima ndege ya kujiundia kwa mizani ya korosho

Wakuu, nimechoka kuulizwa mizani ya ndege inapatikana wapi. Uko Mtwara, umezungukwa na mizani! Waone wenye maghala mapema. Msimu wa korosho ukishachanganya hakuna wa kukusikiliza. Azima mbili za jukwaa zenye stika ya Wakala wa Vipimo, na moja ndogo ya duka la rejareja, ya kilo 30.

1. Toa petroli, jaza oili, funga kila kitu kitakachoruka na ndege. Spana na chupa za maji nje.

2. Ingiza bandani, funga milango. Kusi likigusa bawa, namba hazitulii.

3. Hakiki mizani kwa maji: lita 20 ni kilo 20, ukitoa uzito wa ndoo.

4. Magurudumu ya mbele juu ya majukwaa, breki zikiwa zimeachiwa. Chini ya kila tairi laza vipande viwili vya bati vyenye grisi katikati, tairi zitanuke bila kusukuma jukwaa kwa ubavu. Uzito wa bati utoe baadaye.

5. Mkia. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Inua mkia juu ya stuli mpaka pima maji iseme ndege imelala kama inavyoruka, kwa urefu na kwa upana. Ukiupima ukiwa chini, uzito unarudi nyuma na mkia unasoma kilo kadhaa za uongo. Mizani ndogo ikae hapa, chini ya stuli, kisha toa uzito wa stuli. Tahadhari: mtu mmoja ashike mkia wakati wa kuinua, tairi za mbele ziwekewe kabari, na USISOME namba kabari zikiwa zinabana.

6. Angusha timazi kutoka kwenye ekseli, mkia unapokalia stuli, na ukingo wa mbele wa bawa, weka alama sakafuni, pima umbali.

Mfano: mbele kilo 118 na 116.5, sm 5 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Mkia kilo 14, sm 405. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, jumlisha, gawa kwa 248.5. Kitovu cha uzito, yaani pale ndege ingesawazika, kiko sm 27.5 nyuma ya ukingo huo.

MASWALI

Kijana wa Chuno: Mkuu, tenki likiwa nusu vipi?
Jibu: Hatua ya kwanza. Isome.

Kijana wa Chuno: Si nitumie tu uzito ulio kwenye ramani?
Jibu: Huo ni wa aliyechora. Rangi yako na gundi yako hakuzipima.

Binti Masasi: Shikamoo fundi. Kwa nini mizani ndogo, inayosoma kwa usahihi zaidi, iende mkiani, penye uzito mdogo?
Jibu: Marahaba binti yangu, swali zuri sana. Chukua mfano wangu, ongeza kilo moja mkiani: kitovu kinarudi nyuma sm 1.5. Ongeza hiyohiyo kwenye gurudumu la mbele: hakisogei hata milimita moja. Umbali ndio unaozidisha kosa. Jaribu mwenyewe kwa kalamu.

Mzee wa Mikindani: Mizani za bafuni je? Ninazo nne.
Jibu: Zinafaa, mzee wangu, ila nyingine zinagandisha namba halafu zinajizima. Bora za mshale.

Binti Masasi: Gurudumu likizidi uwezo wa mizani moja?
Jibu: Laza ubao juu ya mizani mbili, tairi katikati, jumlisha, toa ubao.

Mzee wa Mikindani: Hivyo ndivyo tunavyopima injini za boti huku.