Kuandaa Chakula na Maji Dodoma kwa Safari ya Chombo cha Tanga kutoka Unguja hadi Ngazija

Anayetaka kung'oa nanga Unguja kwenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, kwa chombo cha tanga aanze na upepo. Masafa hayo ya takriban maili 400 za baharini yanaelekea kusini-mashariki, na wakati wa kusi, yaani msimu wa pepo za kusini, upepo pamoja na mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini humlazimu nahodha kupiga bisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, usiku na mchana. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo inayofaa, ingawa miezi hiyo imo katika msimu wa vimbunga, na Kimbunga Kenneth kiliipiga Ngazija Aprili 2019. Tarehe ya kuondoka basi iamuliwe na utabiri wa hali ya hewa, hata kama tiketi ya treni imeshakatwa.

Kwa bahati, kiangazi cha Dodoma hutangulia kaskazi, na hewa yetu kavu hukausha chakula kuliko jua la pwani lenye unyevu. Kausha mlenda kivulini juu ya mkeka mpaka jani livunjike kama unga ukilifikicha kiganjani. Karanga zichambue kwa mkono, ukitupa zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu, iliyoleta msiba Dodoma na Manyara mwaka 2016, haiondoki kwa kukaangwa. Ongeza unga wa uwele, zabibu kavu na ubuyu, kisha ufunge vyote katika ndoo zenye mifuniko ya kubana ukiwa bado Dodoma. Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Safari yangu ya kwanza nilibeba karanga katika kiroba, nikidhani nitazihamishia kwenye ndoo nikifika Malindi, bandari ya Unguja. Siku ya nne baharini zilinuka uvundo, tukazimwaga zote.

Maji yahesabiwe kwa lita 4 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia. Kwa mwendo wa noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa, safari huchukua siku nne au tano, lakini upepo ukikatika huna pa kuchota, kwa hiyo watu wanne wachukue ya siku kumi, yaani lita 160. Beba madumu tisa ya lita 20, si manane, kwa sababu kila dumu huachiwa nafasi ya vidole vinne ili likianguka baharini lielee. Yagawe pande zote mbili za chombo na kuyafunga kamba.

Vitunguu, viazi na ndimu vinunuliwe Unguja, na maboksi ya karatasi yaachwe gatini, maana mayai ya mende hujificha katika mikunjo yake. Pasipoti, orodha ya mabaharia na kibali cha bandari vikae katika mfuko usioingia maji.

Jaribu redio ya mawasiliano ya baharini (VHF), chaneli ya 16 ya kuitana na kuomba msaada, kabla ya kutweka tanga. Mwachie ndugu mmoja Dodoma karatasi yenye jina la chombo, idadi ya watu, siku ya kuondoka, na siku ambayo ikipita bila habari apige simu bandarini.