Namna ya Kuchukua na Kufungasha Nguo Yenye Damu Katika Eneo la Tukio

Shati lenye damu mbichi likifungiwa katika mfuko wa plastiki, kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam au Tanga, huota ukungu upesi, na bakteria huharibu vinasaba kabla mkemia hajalifikia. Kwa hiyo fundi sanifu wa eneo la tukio hubeba mifuko ya kaki, yaani ya karatasi inayopitisha hewa.

Kabla hujagusa chochote, piga picha ya chumba kizima, kisha za karibu, bila rula na ukiwa umeweka rula kando ya doa. Vaa barakoa na glavu mpya, kwa kuwa chafya moja yatosha kuacha vinasaba vyako juu ya kielelezo, yaani kitu kinachochukuliwa kuwa ushahidi, na ubadilishe glavu kila unapohamia kielelezo kingine, hata ukiziona bado safi.

Shati lisikunjwe doa juu ya doa, maana umbo la matone na mahali yalipoangukia ni ushahidi pia. Litandaze juu ya karatasi safi, uweke karatasi nyingine juu yake, ndipo ukunje. Likiwa bado bichi, likaushwe kwanza katika chumba chenye hewa, mbali na jua, na karatasi iliyokuwa chini yake ihifadhiwe, kwani huenda imedondokewa na unywele au uzi. Kila nguo iwe na mfuko wake. Za mtuhumiwa na za marehemu zisikaushwe chumba kimoja.

Damu iliyokaukia sakafuni huchukuliwa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kwa tone la maji yaliyokenekwa, na kijiti cha pili hupitishwa pasipo na doa kwa ajili ya ulinganisho.

Funga mdomo wa mfuko kwa utepe wa lakiri, utie saini inayoanzia kwenye utepe na kuishia kwenye kaki, kisha uandike namba ya jalada, tarehe, saa na mahali. Hatua hii huonekana ya kikarani tu, lakini kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote: katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisisitiza kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano wa nyakati, tangu kielelezo kinapokamatwa. Kwa hiyo kila anayekipokea, hadi mapokezi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, aikague lakiri kabla ya kusaini, na akiukuta utepe umechanika, aandike hivyo kwenye fomu kabla mfuko haujafunguliwa.