SOMO: Kukadiria maji ya mvua kubwa kwa haidrografu ya kizio

Tangu masika ya 2024, Nairobi tulipokiona cha mtema kuni, inboksi yangu haipumui: "Injinia, hapa yatapita maji kiasi gani?" Naandika mara moja tu.

Haidrografu ni mchoro wa maji ya mto yanavyopanda na kushuka saa kwa saa; ya kizio ni ile ya sentimita 1. Wazo ni la Mmarekani Sherman, 1932. Ukijua mto unavyopanda na kushuka kwa sentimita 1 ya maji yaliyotiririka kutoka bonde zima (ardhi yote inayomwaga maji kwenye mto huo), sentimita 2 ni kuzidisha kwa mbili.

1. Chora mpaka wa bonde kwenye ramani ya kontua (mistari ya mwinuko). La mfano wangu ni kilomita za mraba 18.

2. Chukua rekodi ya mto ya mvua moja, toa maji ambayo mto ungebeba hata kusiponyesha.

3. Ujazo uliobaki ugawe kwa eneo, upate kina kwa sentimita. Kila kipimo kigawe kwa kina hicho. Nilipata, kila saa, mita za ujazo kwa sekunde: 0, 8, 20, 12, 6, 3, 1, 0. Jumla 50, mara 3,600 ni 180,000, sawa na sentimita 1 juu ya bonde lote. Isipolingana, rudi nyuma.

4. Sasa chukua mvua unayotaka kukadiria, toa kilichonywewa na ardhi. Saa ya kwanza milimita 28, ya pili 18. Ardhi ikinywa 8 kwa saa, zinabaki 20 na 10, yaani sentimita 2 na 1.

5. Zidisha haidrografu ya hatua ya 3 kwa 2, kisha kwa 1, hii ya pili isogeze saa moja, jumlisha: 16, 48, 44, 24, 12, 5, 1. Kilele 48. Rudishia maji ya kawaida ya mto.

Hapo kwenye 5 ndipo nilipoungua. Haidrografu ilikuwa ya mvua ya saa moja, mvua niliyopewa ni ya kila nusu saa. Nikazidisha tu, nikisogeza nusu saa. Ujazo ukatoka sawasawa, nikajipongeza. Kumbe kila nusu saa ya mvua nilikuwa nimeitandaza kama iliyonyesha saa nzima. Kilele kikalala, kalavati nililopendekeza likawa dogo. Mzee mmoja wa mtaa ndiye aliyenionesha mstari wa matope ukutani, juu ya kiuno changu. UKAGUZI WA UJAZO HAUKAMATI KOSA HILI. Muda ukitofautiana, tengeneza mkunjo wa S: panga haidrografu ya saa moja mfululizo kila saa, jumlisha, sogeza mkunjo nusu saa, toa, zidisha kwa 2.

Ruai_Kwetu: Nataka saizi ya kalavati, nipe tu.
— Eneo? Mvua? Hujaandika hata kimoja.

Msoto: Si nitumie milimita 46 zote?
— Hatua ya 4. Isome.

BintiMto: Mto wetu haujawahi kupimwa. Nifanyeje?
— Swali zuri, dada. Kilele kwa kila sentimita ni 2.08 × eneo ÷ saa za kufikia kilele. Kilomita za mraba 18 kwa saa 1.5 ni kama 25. Saa hizo ni nusu ya muda wa mvua, jumlisha 0.6 ya muda ambao maji ya mbali zaidi huchukua kufika. Ila kanuni ilitoka mashambani Marekani. Penye mabati na lami maji hukimbia, usitumie muda wa shamba.

Fundi254: Na Dagoretti ikinyesha, Embakasi vumbi?
— Njia hii hudhani mvua imeenea sawa. Gawanya bonde vipande, kila kipande na mvua yake.

BintiMto: Yale matope ukutani yanasaidia?
— Sana. Piga picha kabla landilodi hajapaka rangi, na uweke futi kamba ndani ya picha. Mimi ninazo kumi, na sijui hata moja ilikuwa kimo gani.