Bonsai ya paini: lini ukate na lini uiache

Paini yangu ya kwanza ya bonsai, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo kwenye chungu, niliiua mwenyewe, na kilichoniuma zaidi ni kwamba ilikaa kijani wiki kadhaa baada ya kufa. Ndo zilivyo hizi, mizizi imeshaoza huko chini lakini sindano, ndo majani yake, bado zinakudanganya, we unaendelea kumwagilia unajiona fundi kumbe unamwagilia kuni. Makosa yangu yalikuwa mawili, niliiweka sebuleni pembeni ya tivii, halafu nikaikata kama mtu anayesawazisha ua wa michongoma. Haya ninayoandika hapa nimeyaokota baada ya hapo, huku Saitama, Japani, ninakoishi, kwa mzee mmoja mwenye bustani pale Omiya, ambako watunza bonsai wa Tokyo walihamia kuanzia 1925 baada ya lile tetemeko la 1923.

Kwanza ujue una paini gani. Shika sindano uhesabu. Zikitoka mbili mbili, ngumu, kijani iliyoiva, zinachoma ukizigusa, na macho ya ncha, yaani vichipukizi ambavyo havijafunguka, ni meupe wakati wa baridi, hiyo ni kuromatsu, paini nyeusi ya pwani za Japani. Zikitoka tano tano, fupi na laini, hiyo ni goyomatsu, paini nyeupe ya milimani. Usidhani ni habari ya majina tu. Kuromatsu yenye afya ukiikata chipukizi kiangazi inatoa jingine mwaka huohuo, goyomatsu inachipua mara moja kwa mwaka basi, ukiifanyia ukataji wa mwenzake umeinyima majani ya mwaka mzima na tawi unaweza kulipoteza kabisa. Kuna goyomatsu ya familia ya Yamaki iliyoanza kutunzwa 1625, ikapona bomu la Hiroshima 1945, ikatolewa zawadi kwa Marekani 1976 na mpaka leo iko Washington. Karibu miaka 400 kwenye chungu! Yangu haikumaliza hata msimu mmoja.

Sasa kuna mambo mawili ukiyashika mengine yote yanaeleweka. La kwanza, tawi la paini likibaki bila sindano limekwisha. Mkwaju au bugenvilia unaikata inabaki gongo tupu na inachipua tu, paini haina huruma hiyo, kwa hiyo kila unapokata tawi kulifupisha hakikisha nyuma ya mkasi kuna sindano hai zimebaki. La pili, paini inapenda juu. Nguvu zote zinakimbilia kileleni na kwenye ncha, matawi ya chini yanakonda taratibu mpaka yanakauka, na la chini likishakauka usitegemee jingine litoke palepale. Kwa hiyo kazi ya mwaka mzima ni kumnyang'anya wa juu ili wa chini naye apate kula.

Tuanze na kuromatsu maana ndo yenye kazi. Mwezi wa tatu machipukizi yanaanza kuamka, hapo ndo pa kubadilisha udongo kama umefika muda, mti mchanga kila miaka miwili mitatu, mzee hata mitano. Udongo wenyewe ni chembechembe, akadama, ndo udongo mfinyanzi wa Kijapani wa punje punje, ukichanganya na pumisi, yale mawe mepesi ya volkano, chekecha vumbi lote utoe, maji yapite yasituame. Usioshe mizizi yote ikawa mitupu, toa kama nusu ya udongo wa zamani uishie hapo. Utakuta utando mweupe unanukia uyoga, watu wengi wanaogopa wanadhani ni ugonjwa na kuusugua, uache, ni kuvu rafiki anayesaidia mizizi kunyonya.

Mwezi wa nne na wa tano machipukizi yanasimama wima kama mishumaa, huku wanayaita midori. Mti ulio kwenye matengenezo lishe kwelikweli kipindi hiki, mbolea ya mashudu unaiweka juu ya udongo kila baada ya wiki nne hivi. Yale machipukizi yanayotaka kuwapita wenzao unayavunja kwa vidole kabla sindano hazijafunguka, yalingane kidogo.

Halafu ndo inakuja mekiri, kukata machipukizi yote ya mwaka huu kutokea kwenye shina lake. Mara ya kwanza nilipomwona mzee akifanya nilidhani kakasirika, mti ulikuwa umependeza vizuri yeye anaukata ule upya wote unabaki na sindano za mwaka jana tu. Maana yake ni kwamba mti utachipua tena, na kwa kuwa msimu uliobaki ni mfupi, sindano za mara ya pili zinatoka fupi na machipukizi yanakuwa mengi, ndo unapata ile bonsai iliyojaa kama wingu badala ya ufagio. Maeneo yetu hapa tunaikata kuanzia katikati ya mwezi wa sita hadi mwanzoni mwa wa saba. Sehemu yenye baridi inayowahi unakata mapema zaidi, hesabu kama siku 100 za kukua kabla baridi haijaingia. Mti mkubwa unatangulia, mdogo wa kiganjani unachelewa maana wenyewe unataka sindano fupi kabisa.

Kuna ujanja hapa, na kwangu huu ndo ulobadilisha mambo. Usikate yote siku moja. Anza na machipukizi dhaifu, ya chini na ya ndani, ngoja siku kumi hivi, ndo ukate yale yenye nguvu ya juu. Wadhaifu wanakuwa wameshaanza safari wakati mabingwa bado wanauguza kidonda, mwisho wa msimu wanafika pamoja. Chipukizi lililo hoi kabisa usiliguse. Na kabla hujakata chochote jiulize, mti una afya? Umekula vizuri tangu mwezi wa tatu? Umebadilishwa udongo mwaka huu? Kama jibu moja linakutia wasiwasi acha, subiri mwaka ujao, hakuna anayekukimbiza. Siku ya kukata ondoa mbolea, irudishe mwezi wa tisa sindano mpya zikishakomaa, ukiiacha sindano zitarefuka na kazi yote umefanya bure. Punguza na maji pia, mti uliokatwa majani haunywi kama zamani.

Baada ya wiki chache kila ulipokata panatoka macho manne, matano, wakati mwingine zaidi. Mwezi wa nane bakisha mawili tu kila sehemu, moja kushoto moja kulia, toa linaloangalia juu na linaloangalia chini.

Kuanzia mwezi wa kumi na moja mti umetulia, toa sindano za zamani moja moja kwa koleo ndogo, ukivuta kuelekea zinakoelekea usichune gome. Hapa tena siasa ileile, juu bakisha pea tano hivi, katikati saba nane, chini kumi au uache zote. Mwanga ukiingia ndani unaona mti unatoa macho hata nyuma ya matawi. Ndo wakati wa waya wa kupindia matawi pia, wa shaba iliyopashwa moto ikalainika ndo unakamata paini vizuri, aluminiamu ni rahisi kwa anayeanza. Zungusha mshazari, kunja kidogo kidogo, na uwe unakagua kiangazi na kuendelea maana tawi linanenepa ghafla waya unazama kwenye gome na alama haifutiki leo wala kesho.

Goyomatsu kazi yake ni ndogo, unavunja machipukizi marefu mwezi wa tano, unatoa sindano kuukuu msimu wa baridi, basi.

Ya kila siku: nje, juani, kwa muda wa masaa sita au zaidi. Maji ukiona juu ya udongo panaanza kukauka, mwaga mpaka yatoke chini, kiangazi cha huku mara mbili kwa siku.

Nyumbani Tanzania wananiuliza, vipi zile paini za Sao Hill pale Mufindi? Nyingi pale ni patula, asili yake Meksiko, sindano ndefu zinaning'inia kama nywele, kuzifanya ziendane na mti wa sentimita 30 ni shughuli. Na kalenda hii usiinakili, imepigwa kwa kuhesabu baridi inayokuja, kwenu haiji hivyo. Anza na mkwaju jamani, kanuni ya kumnyima wa juu inafanya kazi vilevile.

Ah, utomvu. Unaganda mikononi na kwenye mkasi, sabuni haifui dafu. Paka mafuta ya kupikia, sugua, ndo uoshe.